Mchoro Unaoandikwa

Pembetatu ya onyo, ile inayotokea kwenye simu malipo yanapokwama, inaweza kuandikwa hivi: M12 2L2 22h20z. Herufi na tarakimu hizo chache ndizo pembetatu yenyewe. Chukua karatasi yenye miraba 24 kwenda kulia na 24 kwenda chini. M ni amri ya kuinua kalamu na kuiweka mahali: hatua 12 kutoka kushoto, hatua 2 kutoka juu. L ni kuvuta mstari mnyoofu mpaka hatua 2 kutoka kushoto na 22 kutoka juu. Herufi h ni kwenda kulia hatua 20 bila kupanda wala kushuka, na z ni kurudi ulikoanzia na kulifunga umbo. Ukiongeza maneno machache ya kulitambulisha faili kwa kivinjari, faili zima halifiki herufi 100, na pembetatu hiyo itatokea safi kwenye saa ya mkononi na kwenye bango la barabarani vilevile.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu kazi ya kuweka picha za vekta, yaani picha zinazoandikwa namna hii, ndani ya programu imekuwa ya haraka mno, kiasi kwamba wanaoifanya hawaangalii tena walichoshika. Msanifu anachora kwenye chombo chake na kubonyeza kitufe; faili linatoka; mwandishi wa programu analitia kwenye folda, analiita kwa jina, na aikoni inaonekana. Wote wawili wanasema wameweka picha. Mimi naona wameweka maandishi. Anayeingiza mchoro wa vekta ndani ya msimbo wake ameandika, na wajibu wa mwandishi umemwangukia: kusoma alichokiandika, na kujua kinamwambia nani nini.

Zamani hapakuwa na haja ya kufikiri hivi. Susan Kare alipochora aikoni za kompyuta ya Macintosh iliyotoka mwaka 1984, kila aikoni ilikuwa uwanja wa vitone 32 kwa 32, yaani vitone 1,024, kila kimoja ama cheusi ama cheupe. Aliichora kwenye daftari la miraba, mraba mmoja kwa kitone kimoja. Kazi ya namna ile ina heshima kubwa machoni pangu. Hakuna kitone kilichokaa mahali bila mtu kuamua kikae pale. Lakini mchoro ulifungwa kwenye skrini moja, ile ya vitone 512 kwa 342, na nje ya hapo haukuwa na maisha.

Simu zilipokuja, kifungo hicho kikawa mzigo. iPhone ya kwanza ya mwaka 2007 ilikuwa na vitone 320 kwa 480. iPhone 4 ya mwaka 2010, kioo chake kikiwa na ukubwa uleule, ilikuwa na 640 kwa 960: palipokaa kitone kimoja pakakaa vinne. Picha zote za zamani zikaonekana kama zimetiwa ukungu. Upande wa Android mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu simu zenyewe zilitoka viwanda vingi na kila kimoja kina kioo chake. Watengenezaji wakagawanyiwa madaraja ya msongamano wa vitone kwa inchi: 160, 240, 320, 480, 640. Aikoni moja ya vipimo 24 ikahitaji mafaili matano, ya vitone 24, 36, 48, 72 na 96 kwa upande. Programu yenye aikoni mia ikabeba mafaili mia tano, na yote yalisafiri ndani ya kifurushi ambacho mteja alikipakua kwa bando la siku. Simu yake ilihitaji seti moja tu. Nyingine nne alizilipia na hakuziona kamwe.

Android 5.0 ya mwaka 2014 ilianza kuipokea michoro ya vekta moja kwa moja, na mapema mwaka 2016 maktaba ya nyongeza ikaifikisha kwenye simu za zamani. Faili moja likachukua nafasi ya matano. Kwenye tovuti safari ilikuwa ndefu zaidi: kikundi cha W3C, shirika la viwango vya tovuti, kilichotunga SVG, lugha ya kuandikia michoro ya vekta, kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1990, kanuni za kwanza zikapitishwa Septemba 2001, lakini Internet Explorer, kivinjari kilichotumiwa na watu wengi kupita vyote wakati huo, kilisubiri mpaka toleo la 9 la mwaka 2011 ndipo kikazisoma. Miaka kumi lugha ilikuwapo na msomaji mkuu hakuijua.

Tofauti ya aina hizi mbili za michoro, ya vitone na ya vekta, ni ile iliyopo kati ya picha ya gauni na vipimo vya gauni. Picha ukiikuza inakuwa na ukungu. Vipimo ukimpa fundi cherehani, mama na binti watavaa sare.

Mistari minyoofu ni kazi nyepesi. Penye uzito ni kwenye mikunjo, na hapo naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ni sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vya magari vya Ufaransa vilikuwa na tatizo: fundi anaweza kuufinyanga mgongo wa gari kwa mkono na jicho, lakini atauelezaje kwa mashine ya kukata chuma? Mwaka 1959 Paul de Casteljau, mwanahisabati wa Citroën, alipata njia, na kampuni yake ikaificha. Miaka ya 1960 Pierre Bézier, mhandisi wa Renault, akafika palepale kwa njia yake na akachapisha. Ndiyo maana mikunjo hiyo inaitwa ya Bézier hadi leo, ingawa mwenzake alitangulia.

Njia ya de Casteljau anaweza kuifuata mwanafunzi wa darasa la saba mwenye rula. Weka nukta nne kwenye karatasi. Ziunganishe kwa mistari mitatu. Tafuta katikati ya kila mstari. Umepata nukta tatu. Ziunganishe, tafuta katikati tena, zimekuwa mbili. Ziunganishe, tafuta katikati. Imebaki moja, na hiyo moja iko juu ya mkunjo wenyewe. Badala ya katikati ukichukua robo, au theluthi, au sehemu nyingine yoyote, utapata nukta nyingine ya mkunjo uleule. Nukta ya kwanza na ya mwisho mkunjo unazipitia. Zile mbili za kati kwa kawaida hauzigusi. Zinauvuta tu kutoka mbali. Katika msimbo, hayo yote ni herufi C ikifuatwa na namba sita. Kila moyo unaobonyezwa chini ya picha ya mtoto wa ndugu yako, kila kengele ya ujumbe, imetokana na hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya bati la gari.

Herufi za fonti pia huchorwa kwa mikunjo ya jamii hiyo. PostScript ya mwaka 1984 iliipeleka kwenye uchapaji, na polepole herufi za kompyuta, na baadaye za simu, zikawa vekta. Aikoni zimechelewa tu kujiunga na maandishi zilikotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Kama ni maandishi, basi yasomwe. Fungua faili la aikoni lililotoka moja kwa moja kwenye chombo cha kuchorea na utakuta jina la chombo chenyewe, matabaka yaliyofichwa, makundi ndani ya makundi yasiyo na kazi, na namba kama 11.99999847. Msanifu alikusudia 12. Kumi na mbili ni katikati ya uwanja wa 24, na anayesoma 12 anaelewa mara moja kwamba umbo limekaa katikati kwa makusudi. Anayesoma 11.99999847 haelewi kitu. Tunazoea kuhesabu uchafu huu kwa baiti, na ni kweli baiti zinalipiwa, lakini kwangu hasara kubwa ni kwamba nia ya mchoraji imezikwa. Zipo programu za kusafisha mafaili haya, nazo husaidia sana, ila baadhi zimewahi kuondoa hata viewBox, ile sifa inayosema uwanja wa mchoro una ukubwa gani. Ukiondoa hiyo, mchoro unapoteza uwezo wake wa kukua na kupungua, na umebaki na vekta isiyofanya kazi ya vekta.

Kuna hatari nyingine ndani ya maandishi yasiyosomwa. Faili la SVG linaweza kubeba amri za programu, si maumbo peke yake. Kivinjari kikiliita kama picha ya kawaida, hakizitekelezi amri hizo. Lakini programu inayomruhusu mtumiaji apandishe SVG kuwa picha yake, kisha ikamfungulia mwingine faili hilo kama ukurasa wa tovuti yenyewe, imempa mgeni funguo za nyumba. Anayeendesha programu ya fedha au ya hospitali asilikubali faili la namna hiyo bila kulichuja.

Mwaka 1963, Ivan Sutherland alipoandika tasnifu yake katika chuo cha MIT, programu yake ya kuchora, Sketchpad, ilikuwa na mchoro mama na nakala zake: ukirekebisha mama, nakala zote zinafuata. Wazo hilo limo ndani ya SVG na ndani ya kila zana nzuri ya kiolesura. Hata hivyo, ni kawaida kukuta programu ambayo alama ya nyumba imenakiliwa kwa mkono katika kila ukurasa, kila nakala na rangi yake iliyokandikwa ndani. Tangu mwaka 2019, Android 10 na iOS 13 zilipoleta mwonekano wa giza, watu wa programu za namna hiyo wanahangaika kuondoa aikoni nyeusi zilizopotea juu ya mandhari nyeusi. Neno moja, currentColor, lingetosha: linaiambia aikoni ichukue rangi ya maandishi yaliyo jirani nayo. Maandishi yakiwa meupe, nayo inakuwa nyeupe. Yakiwa mekundu kwa sababu ya kosa, nayo inakuwa nyekundu. Hapo aikoni inaishi kama herufi.

Lakini sitaki kusema kwamba vekta imetuondolea vitone. Skrini bado ni vitone. Mstari wa unene wa 1 ukiupitisha juu ya namba nzima, nusu yake inaangukia kitone cha huku na nusu kitone cha kule, na kwenye kioo cha kawaida jicho linaona mistari miwili ya kijivu. Mwongozo wa Material wa Google unataka aikoni ya uwanja wa 24, mchoro ukae ndani ya 20, mstari uwe wa 2. Hesabu hiyo ina sababu: mstari wa 2 ukipita juu ya namba nzima unajaza kitone kizima kila upande. Daftari la miraba la Susan Kare halijafungwa. Na kitu kilichochorwa kwa ajili ya kioo kikubwa hakiwi kizuri kwa kupunguzwa tu. Vidirisha vya jengo vinavyopendeza kwenye upana wa 200 vinageuka doa kwenye 16. Mchoraji mwangalifu huandika toleo la pili lenye mambo machache.

Vekta pia si dawa ya kila picha. Simu hulazimika kuutekeleza mchoro kabla ya kuuonyesha, na mwongozo wa Android unashauri usizidi vipimo 200 kwa 200, kwa sababu zaidi ya hapo kuuchora huchukua muda mrefu mno. Mandhari ya machweo yenye mikunjo elfu kadhaa itaikwamisha simu ya bei nafuu mbele ya mtu mwenye haraka. Picha ya kamera ibaki picha ya kamera.

Nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kiolesura chake hakikuwa na mchoro hata mmoja. Kilikuwa orodha ya maneno na namba. Watu ambao hawakuwahi kugusa kompyuta walijifunza kutuma pesa kwa kusoma mistari ile, au kwa kusomewa. Mjukuu aliweza kumwelekeza bibi yake aliye kijijini, namba kwa namba, kisha bibi akafanya mwenyewe. Maneno yalipita kinywani. Leo programu nyingi zimeyaondoa maneno hayo na kuweka safu ya aikoni zisizo na maelezo, mishale inayoelekea huku na huku, vijisanduku na miduara. Mwelekeze mtu kwa sauti sasa: bonyeza kile chenye mshale unaotoka kwenye kisanduku, si ule unaoingia. Msanifu anadhani amerahisisha. Mtumiaji amepokonywa lugha aliyokuwa ameimudu.

Kwa asiyeona ni zaidi ya hapo. Anayetumia TalkBack kwenye Android au VoiceOver kwenye iPhone anasomewa kila kilicho chini ya kidole chake. Aikoni isiyo na jina humwambia tu kwamba hapa pana kitufe. Cha kufanya nini, kutuma au kufuta, hajui, na pesa ni zake. Ndani ya msimbo, kutoa jina ni mstari mmoja. Jina hilo linapaswa kukaa pamoja na maandishi mengine ya programu, litafsiriwe kama mengine, liseme kitendo: Tuma pesa, Rudi nyuma, Futa ujumbe. Lisieleze umbo, maana kumwambia mtu asiyeona kwamba pana mshale wa buluu ni kumpa kisichomsaidia. Na mapambo yasiyo na kazi yafichwe kwa msomaji wa skrini, asisumbuliwe bure.

Njia ya kutumia fonti za aikoni, iliyosambaa miaka ya 2010 baada ya Font Awesome kutoka mwaka 2012, naiona ilitupeleka pabaya kwa sababu hiyohiyo. Ilificha michoro kwenye nafasi za herufi zisizo na maana. Fonti isipofika, mtumiaji anaona kisanduku kitupu. Opera Mini, kivinjari chenye watumiaji wengi Afrika, katika hali yake ya kubana data kabisa hakipakui fonti za tovuti; kwa hiyo mtu aliyechagua kubana bando lake ndiye aliyeonyeshwa visanduku vitupu.

Mwelekeo nao ni sehemu ya maana. Wapo ndugu zetu Muscat wanaozungumza Kiswahili nyumbani na simu zao zikiwa kwa Kiarabu. Kwao ukurasa unaanza kulia, na mshale wa kurudi nyuma unapaswa kuangalia kulia. Mchoro wa vekta wa Android una sifa ya kujigeuza wenyewe lugha inapobadilika. Lakini saa haigeuzwi, kwa kuwa mishale ya saa huzunguka upande uleule duniani kote. Kompyuta haiwezi kuamua ipi igeuke na ipi ibaki. Aliyeandika ndiye aamue.

Halafu kuna swali la nani alichora. Seti za aikoni zinazotolewa bure ni hazina, na ninawashukuru waliozichora. Ila walichora walichokiona madirishani kwao. Alama ya akiba katika seti ya Material ni nguruwe, kwa kuwa ndivyo vilivyo vibubu vya watoto Ulaya na Marekani. Aikoni hiyo inaingia hivyohivyo kwenye programu zilizoandikwa kwa ajili ya watu wa Tanga, Lamu na Unguja, ambako Muislamu anafungua simu kuangalia fedha aliyomwekea mwanawe ya ada na anamkuta nguruwe juu yake. Aliyeiweka hakukusudia kumkera mtu. Aliita jina la faili, picha ikaja, hakuitazama kama neno alilomwambia msomaji wake.

Kibubu chetu ni kisanduku cha mbao kilichopigwa misumari, chenye mdomo mwembamba, ambacho hakifunguliwi mpaka kivunjwe. Kukichora hakuhitaji chombo cha kulipia. M4 8h16v12H4z, ambapo v ni kushuka na H ni kwenda mpaka hatua 4 kutoka kushoto, ni kisanduku cha upana wa 16 na urefu wa 12. M9 12h6 ni mdomo wake, hatua 6, katikati kabisa kati ya kushoto na kulia. Mpe mstari wa unene wa 2 na vitone vitajaa sawasawa. Rangi yake iwe currentColor, na jina lake, ndani ya faili la maandishi ya Kiswahili, liwe Akiba yangu.

Ndugu yangu unayeandika programu ya vikoba Morogoro au ya chama Kisumu, usilisubiri shirika la mbali likuchoree kibubu. Fungua mafaili ya aikoni zako leo, yasome moja baada ya jingine kama unavyosoma msimbo wa mwenzako kabla ya kuukubali, toa yasiyowahusu watu wako, andika yanayowahusu, kisha yaweke wazi ili na wengine wayatumie.